Tangi la KC-1: Kihami Kilichoshindwa Kazi Yake ya Kwanza

Bidhaa ninayoitathmini hapa haiuzwi dukani, na wanunuzi wake duniani kote wanahesabika, lakini kasoro zake zinamhusu kila anayefanya kazi baharini na kila nchi inayotarajia kuuza gesi kwa meli. Ni mfumo wa matangi uitwao KC-1, uliobuniwa Korea Kusini chini ya shirika la gesi la nchi hiyo, Kogas, na kufungwa katika meli mbili kubwa, SK Serenity na SK Spica, zilizojengwa na kiwanda cha Samsung Heavy Industries na kukabidhiwa mwaka 2018. Kila moja ina nafasi ya mita za ujazo 174,000 za gesi asilia iliyosindikwa, na zote mbili zilikusudiwa kupeleka Korea gesi ya kituo cha Sabine Pass, katika jimbo la Louisiana, Marekani. Hazikudumu katika kazi hiyo. Kilichozikwamisha si injini, wala usukani, wala uzembe wa mabaharia. Ni tabaka la kihami joto lililowekwa kati ya gesi na chuma cha meli.

Anayeuza tangi la gesi huanza kwa kukutajia asilimia ya shehena inayogeuka mvuke kwa siku. Hesabu hiyo ina maana, kwa sababu gesi asilia husindikwa kwa kupoozwa mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri, ujazo wake ukapungua takriban mara 600, na kila joto linalopenya ndani ya tangi huichemsha sehemu ya kimiminika hicho. Meli ya mita za ujazo 174,000 inayopoteza asilimia 0.15 kwa siku, kiwango kilichokuwa cha kawaida kwa meli za zamani, huchemsha mita za ujazo 261 kila siku. Ikiwa na kihami cha kisasa cha asilimia 0.085, huchemsha 148. Tofauti hiyo ni fedha nyingi, hata kama mvuke wenyewe huchomwa kwenye injini. Lakini kuokoa mvuke ni kazi ya pili ya kihami. Kazi yake ya kwanza ni kukinga chuma cha meli kisipate baridi, kwa maana chuma cha kawaida cha kujengea meli, kilicho imara na chenye kunyumbuka katika joto la bandari zetu, hukakamaa kinapopoa na kufikia mahali kinapasuka kama kioo, bila kupinda kwanza na bila kutoa ishara. Meli ya mafuta Schenectady ilipasuka karibu vipande viwili tarehe 16 Januari 1943 ikiwa imefungwa gatini Portland, Oregon, bahari ikiwa shwari na hewa ikiwa ya baridi ya kawaida ya majira hayo. Hapo hapakuwa na gesi hata tone. Kwenye meli ya gesi, baridi inayosubiri nyuma ya ukuta ni kali mara nyingi zaidi.

Ndiyo maana mimi huanza kulikagua tangi kwa nyuma. Niliwahi kufanya kazi ya uhandisi kwenye meli ya gesi ya aina nyingine, ambayo sina haja ya kuitaja, na siku moja tukateremka katika chumba chembamba kinachotenga tangi na tangi, baada ya kupima hewa na kuhakikisha inavutika. Kuta za vyumba hivyo hupashwa joto kwa mabomba ya maji yaliyochanganywa na glaikoli ili zisishuke chini ya nyuzi 5 hivi, kwa hiyo mtu huingia akitarajia ubaridi wa kawaida wa chuma na harufu ya rangi. Tulipomulika kwenye pembe ya juu, upande wa kushoto, palikuwa na baka jeupe lenye ukubwa wa sinia la pilau, na jalidi yake ilikuwa imesimama nywelenywele kama ile inayoota ndani ya friza ya muuza samaki. Nilinyoosha mkono. Serahangi wetu, yaani kiongozi wa mabaharia, mtu mzima wa Lamu, akaniwahi: "Usiguse mkono mtupu, mwanangu, litakubandua ngozi." Kipimo kilionyesha nyuzi 17 chini ya sifuri katikati ya baka, na shubiri mbili pembeni yake chuma kilikuwa kwenye nyuzi 9 juu ya sifuri. Tulilizungushia chaki, tukaandika tarehe na saa pembeni, na kila baada ya saa sita mmoja wetu alishuka kuona kama mstari wa chaki umevukwa. Haukuvukwa, na safari ikaisha salama. Tangu siku ile, asilimia ya mvuke peke yake hainitoshi kulihukumu tangi.

Sasa tuiangalie KC-1 yenyewe. Matangi ya utando, tofauti na yale ya duara ya Moss yanayoonekana kama vichuguu juu ya sitaha, hayajibebi yenyewe: utando mwembamba wa madini hulala juu ya kihami, kihami hulala juu ya ukuta wa ndani wa ganda la meli, na uzito wote wa shehena huishia kwenye ganda hilo. Soko la matangi haya limeshikwa kwa miongo mingi na kampuni ya Kifaransa ya GTT, yenye mifumo miwili mikuu. Wa kwanza, NO96, hutumia tando mbili za Invar, aloi ya chuma yenye asilimia 36 ya nikeli ambayo karibu haisinyai kwa baridi, zikitenganishwa na masanduku ya plaiwudi ambayo tangu zamani yamekuwa yakijazwa perlaiti, chembe nyepesi za jiwe la volkano. Wa pili, Mark III, una utando wa juu wa chuma cha pua wenye unene wa milimita 1.2, uliokunjwa mikunjo ili usikatike unaposinyaa, kwa sababu chuma cha pua kikipoozwa kutoka joto la kawaida hadi baridi ya gesi hujivuta kwa zaidi ya milimita mbili kila mita. Chini yake kuna paneli za povu gumu la poliyurethani zilizotiwa nyuzi za kioo, na katikati ya povu hilo kizuizi cha pili, cha kuizuia gesi utando wa juu ukivuja, ambacho ni karatasi ya alumini iliyobanwa kati ya vitambaa vya nyuzi za kioo.

Korea ilikuwa ikijenga sehemu kubwa ya meli za gesi za dunia na kulipia leseni ya usanifu huo kwa kila meli, malipo ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa kiasi cha asilimia 5 ya bei ya meli. Nia ya kuwa na tangi lao wenyewe ilikuwa nzuri, nami naiheshimu. Nchi inayojenga meli za wengine kwa ustadi ule ina haki ya kujibunia. KC-1 ikaja na wazo linalovutia kwa urahisi wake: tando zote mbili, ya kwanza na ya pili, ni za chuma cha pua chenye unene wa milimita 1.5, nazo zimekaa karibukaribu, moja juu ya nyingine, huku kihami kikiwa tabaka moja la povu la poliyurethani chini yake. Kizuizi cha pili cha chuma kilichochomelewa kinapimika na kuaminika kuliko kile kinachobandikwa kwa gundi, na kwa hilo KC-1 inastahili sifa. Mark III nayo ilipata misukosuko ya gundi ya kizuizi chake cha pili katikati ya miaka ya 2000, na mfumo wa CS1, uliojaribu kuunganisha mazuri ya NO96 na Mark III, uliishia kwenye meli tatu tu zilizojengwa Ufaransa baada ya kizuizi hichohicho kuleta matatizo.

Udhaifu, kwa maoni yangu, uko katika neno "moja". Paneli ya povu yenyewe huhami vizuri. Baridi hutafuta viungo. Fundi wa jahazi anajua kwamba maji hayapiti kwenye ubao, hupita kwenye mshono, ndiyo sababu humaliza siku nzima akitia kalafati ilhali ubao aliupiga msumari kwa dakika chache. Katika Mark III nafasi kati ya paneli na paneli hujazwa sufu ya kioo, kisha juu yake hufunikwa kwa ukanda wa kizuizi cha pili na pedi nyingine ya povu inayounganisha paneli mbili, kwa hiyo mshono wa chini hauonani na utando wa juu. Kihami kikiwa tabaka moja, mshono una njia fupi na iliyonyooka zaidi kutoka kwenye baridi hadi kwenye ganda la meli, na naitrojeni inayojazwa humo kwa usalama inaweza kuanza kuzunguka ndani ya uwazi, ikishuka ikiwa baridi na kupanda ikiwa na joto, na kila mzunguko ukahamisha baridi kuelekea kwenye chuma. Uwazi mdogo ambao jicho halingeuhesabu unageuka bomba la baridi. Pembe za tangi, ambako kuta mbili au tatu hukutana na paneli hukatwa kwa maumbo ya pekee, ndiko kazi hiyo huwa ngumu kuliko kwingine kote.

Meli zilipopakiwa shehena, jalidi ikaonekana kwenye ukuta wa ndani wa ganda. Zikarudishwa, zikafunguliwa, zikatengenezwa, zikajaribiwa tena, na mabaka ya baridi yakarudi. Miaka ikapita zikiwa zimefungwa bila kazi, meli mbili mpya kabisa. Mwezi Oktoba 2023 mahakama moja ya Seoul iliamua kwamba Kogas, akiwa mwenye usanifu, awajibike kwa hasara iliyowapata kiwanda na kampuni ya meli, na mwishoni mwa mwaka huohuo usuluhishi uliofanyika London ukakiamuru kiwanda kuilipa kampuni ya meli takriban dola za Marekani milioni 290 kwa kushuka kwa thamani ya meli hizo. Sijui bidhaa nyingine ya ukubwa huu ambamo pengo la milimita chache limezaa deni la kiasi hicho.

Kwa wenye kumbukumbu ndefu, habari hii si ngeni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kiwanda cha Avondale, karibu na New Orleans, kilijenga meli tatu za gesi kwa kampuni ya El Paso, zenye matangi ya alumini na kihami cha povu la poliyurethani kilichowekwa upande wa ganda. Matangi yalipopoozwa kwa majaribio, povu likapasuka. Meli zote tatu zilikataliwa, bima ikalipa, na hakuna hata moja iliyowahi kubeba gesi kibiashara. Miaka arobaini baadaye tumerudia somo lilelile kwa vifaa bora na hesabu za kompyuta, kwa sababu kipande cha povu kinachofaulu maabara si sawa na maelfu ya vipande vilivyoungwa kwa mikono ndani ya tangi lenye urefu wa jengo la ghorofa nyingi.

Msomaji asiye wa bahari atauliza: baka la jalidi lina ubaya gani ikiwa gesi haivuji? Ubaya wa kwanza nimeutaja, nao ni chuma chenyewe. Kanuni za kimataifa za meli za gesi, zijulikanazo kwa herufi IGC, hutaka daraja la chuma cha ganda lichaguliwe kufuatana na baridi kitakayoipata, na daraja la kawaida kabisa lina ruhusa karibu na sifuri tu, wakati daraja gumu zaidi la chuma cha meli huishia kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Mchora meli hupiga hesabu hiyo akidhani kihami ni kizima. Kihami kikiharibika, chuma kilichopangiwa nyuzi 5 kinajikuta kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na wimbi linapoipinda meli, mkazo hukusanyika hapohapo penye chuma kilichokakamaa. Tena, ukuta huo wa ndani mara nyingi ndio ukuta wa tangi la farumi, yaani maji ya bahari ya kuituliza meli. Ufa mdogo ukitokea, maji ya bahari hupenya kuingia kwenye kihami, na povu au perlaiti iliyolowa haihami tena. Maji huganda, barafu huvimba na kusukuma paneli, na utando wa juu huinuka. Kukausha tangi lililolowa namna hiyo ni kazi ya wiki nyingi chelezoni.

Kuna jambo jingine ambalo wakaguzi wa ukanda wetu wanapaswa kulitilia maanani sana. Bahari ya joto huficha kasoro. Meli ikitia nanga kwenye Ghuba mwezi Julai, au ikipita pwani yetu wakati wa kaskazi, maji na hewa hulipasha ganda joto kutoka nje na baka la baridi hupungua au kutoweka kabisa. Meli hiyohiyo ikifika Korea mwezi Januari, baka huibuka tena na kutanda. Kanuni za IGC hutaka hesabu ya joto la ganda ifanywe kwa hewa ya nyuzi 5 na bahari ya nyuzi 0, na kwa meli zinazokwenda kwenye baridi zaidi masharti huwa makali kupita hayo. Kwa hiyo cheti cha ukaguzi kilichoandikwa penye maji ya nyuzi 29 kinaeleza hali ya hapo tu. Vipasha joto vya vyumba-tenga navyo huficha vilevile. Mhandisi anayevifungua mpaka mwisho ili ukuta usomeke vizuri amekitibu kipimo, si kihami.

Kwa upande mmoja KC-1 na ndugu zake wa utando wana nafuu ambayo haki inanitaka niitaje, nao ni moto wa nje. Vali za usalama za tangi hupimwa ukubwa wake kwa kukadiria joto litakaloingia meli ikizungukwa na moto, na kanuni humpunguzia mjenzi makadirio hayo kwa sababu ya kihami: tangi lisilohamiwa lililo juu ya sitaha huhesabiwa kwa kizidisho cha 1.0, lenye kihami kilichoidhinishwa kwa 0.5, na tangi la utando kwa 0.1. Matangi ya duara mengi yamehamiwa kwa povu la polistireni, ambalo hulainika kwenye joto la nyuzi 100 hivi, wakati moto wa gesi una joto la mara nyingi zaidi. Likiyeyuka chini ya bamba la kifuniko, kipunguzo cha hesabu huyeyuka nalo, na vali iliyochaguliwa kwa nusu ya joto italazimika kupitisha mvuke wa joto zima. Tangi la utando limefunikwa na maganda mawili ya chuma pamoja na farumi, na hapo lina kinga bora. Nguvu yake dhidi ya kugongwa nayo ilionekana tarehe 29 Juni 1979, meli ya gesi El Paso Paul Kayser, yenye matangi ya utando, ilipopanda mwamba kwa kasi kwenye Mlango-Bahari wa Gibraltar; chini ya meli palichanika vibaya, kihami kikabonyea pamoja na utando, na bado shehena haikuvuja, ikahamishiwa meli nyingine.

Kihami kilichobonyea kwa ajali kikaokoa meli, na kihami kilichofungwa vibaya kiwandani kikaua meli mbili bila ajali. Ndiyo hukumu yangu kwa KC-1 kama ilivyouzwa mwaka 2018: wazo la tando mbili za chuma ni jema, uchomeleaji ni wa kuaminika, lakini kwa kazi ya kuhami haifai kwa meli ya bahari kuu, na nisingemshauri mwenye meli yeyote aikubali hata akipunguziwa bei. Wakorea wenyewe wameendelea na kizazi kilichofuata, KC-2, kwenye meli ndogo kwanza, na hatua hiyo ya kuanza kidogo ndiyo iliyopaswa kutangulia.

Tanzania imekuwa ikijadili kwa miaka mingi kiwanda cha kusindika gesi Likong'o, Lindi, na jirani zetu wa Msumbiji wameshaanza kupakia shehena baharini tangu Novemba 2022 kupitia mtambo unaoelea wa Coral Sul. Siku itakayofika ya kukodi meli, mezani patawekwa vitabu vizuri vyenye asilimia ya mvuke kwa herufi kubwa. Watu wetu waombe rekodi za joto la ukuta wa ndani, za kila ukuta na kila safari, zikiwa na joto la bahari la siku hiyo pembeni yake na kiwango ambacho vipasha joto vilikuwa vimefunguliwa. Waombe pia matumizi ya naitrojeni ya kila siku, maana yakipanda bila sababu kuna mahali panapopumua. Na kabla ya kutia saini, mkaguzi wao ashuke mwenyewe kwenye vyumba-tenga, siku ya tatu tangu tangi kujaa, vipasha joto vikiwa vimezimwa kwa muda unaoruhusiwa, akiwa na kamera ya joto na kipande cha chaki, na aanze na pembe za juu.